Mtoto Asiyelia Mbele za Watu

Alhamisi, tarehe 3 Julai 1975, jina la Adela Zenon liliandikwa kwenye mstari wa arobaini na moja wa daftari la wagonjwa wa nje, katika hospitali ya mjini Sumbawanga. Kwenye safu ya umri karani aliandika "miezi kumi", kwa kuwa mgonjwa hakuwa Adela bali binti yake, Agnesi. Safu ya ugonjwa aliiacha wazi.

Hakuiacha kwa uzembe. Alikuwa ameuliza mtoto anaumwa nini, na Adela akamjibu kwamba ana uvimbe kwenye kinena, upande wa kulia. Karani akainuka kitini, akachungulia.

"Uko wapi?"

"Sasa hivi haupo."

Karani akaweka kalamu chini. "Mama, watu wote hawa wamekuja na magonjwa yao. Wewe wa kwako umeuacha nyumbani?"

Foleni ikacheka. Adela hakucheka. Alikwisha kuyasikia maneno ya namna hiyo mara tatu tangu Aprili, na kila mara alirudi nyumbani na mtoto mzima machoni pa watu, na hofu ileile kifuani.

Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Baba yake, Zenon, alikuwa katekista wa kigango kimoja upande wa Kate, na Adela alikuwa wa kwanza katika watoto saba. Mama yake alizaa kila baada ya miaka miwili, na kila aliyeachishwa ziwa alihamia mgongoni kwa Adela. Nyumba ya katekista haikosi wageni, na Jumapili katekista husimama mbele ya watu wote. Mtoto wake akilia kanisani, vichwa vyote hugeuka. Kwa hiyo Adela alijifunza mapema. Alipofika miaka tisa alikuwa anajua kilio cha njaa, cha usingizi na cha tumbo, na alikuwa anakizima kabla mtoto hajavuta pumzi ya pili. Wanawake wa kigango walizoea kumkabidhi watoto wao wakati wa sala. Walisema msichana huyu ana mikono ya usingizi. Hiyo ndiyo sifa pekee aliyowahi kupewa mbele ya watu, naye aliitunza.

Alipoolewa na Beda, mwaka 1972, mama mkwe wake Kristiana aliipenda sifa hiyo kuliko kitu kingine chochote. Kristiana alikuwa mtu wa heshima za zamani. Ukimkuta mkubwa njiani, unachuchumaa, unapiga makofi taratibu, unasalimu mpaka salamu iishe. Na kama una mtoto mgongoni, unamnyamazisha kwanza.

"Mtoto halii mbele za watu," alikuwa akisema. "Akilia, anayeaibika ni mama."

Agosti 1974 walihamia Kalemba, kijiji cha Ujamaa kilichopimwa kwa kamba kwenye uwanda usio na mti wa kuzuia upepo. Nyumba zilipangwa mistari minne, zikiwa bado hazijakandikwa. Agnesi alizaliwa Septemba, katika nyumba ambayo jua liliingia kwa kupitia ukutani. Hakuumwa chochote mpaka Aprili.

Siku hiyo ya Aprili wanawake walikuwa kwenye shamba la kijiji, wanapanga matuta ya mviringo ambayo Wafipa huyaita ntumba: majani yanalazwa chini, udongo unapinduliwa juu yake, yaoze humo yawe mbolea. Ni kazi ya kuinama kutwa nzima. Agnesi alikuwa mgongoni. Siafu akapanda kwa mguu wa mama, akapita kwenye kanga, akamng'ata mtoto pajani. Agnesi akapiga ukelele ambao Adela hakuwahi kuusikia. Alimfungua, akamtoa siafu, na hapo akauona: uvimbe mdogo chini ya ngozi ya kinena, ukubwa wa punje ya haragwe kubwa, umetuna kama kitu kinachotaka kutoka. Akampa ziwa. Mpaka Kristiana alipofika kutoka mstari wa pili wa matuta, ngozi ilikuwa imelala, laini, kana kwamba hakuna kilichopita hapo.

"Umeona vibaya," Kristiana alisema. "Ni mshipa tu."

Wiki iliyofuata Kristiana aliuona mwenyewe, mtoto akilia baada ya kuoga. Hakushtuka. Alipasha mafuta ya nyonyo, akapaka kiganja, akaubonyeza uvimbe taratibu mpaka ukarudi ndani. Tangu siku hiyo kila ulipotokeza aliubonyeza, naye aliona kazi yake inafaa, maana ulirudi kila mara. Adela aliona jambo jingine: kwamba kila mara ulitoka tena.

Zahanati ya Kalemba ilikuwa na vyumba viwili na mganga mmoja, Anyelwisye, kijana wa Rungwe aliyehamishiwa huko mwaka uleule wa kuhama. Hakuwa mganga mbaya. Alimlaza Agnesi kitandani mara tatu, Aprili, Mei na Juni, akampapasa kinena pande zote mbili, akasubiri, akapapasa tena. Hakupata kitu. Adela alipotaja ngiri, neno alilolisikia kwa baba yake, Anyelwisye alitabasamu.

"Ngiri ni ugonjwa wa wanaume, mama. Huyu ni msichana. Halafu hata uvimbe wenyewe siuoni."

Mara ya tatu alimpokea kwa mzaha mlangoni. "Mama Agnesi, karibu. Umeniletea tena ule uvimbe wa siri?"

Lakini siku hiyo ya tatu Adela alikuwa na habari mpya. Juma lililotangulia uvimbe ulikaa nje tangu saa saba mchana mpaka saa kumi, ukiwa mgumu. Agnesi alitapika mara moja, na mafuta ya Kristiana hayakusaidia kwa muda mrefu. Anyelwisye akaacha mzaha. Alivuta barua mezani, iliyotumwa kwa zahanati zote, ikieleza kwamba daktari wa upasuaji kutoka Dar es Salaam, aliyesomea upasuaji wa watoto, atakuwepo Sumbawanga hadi Ijumaa ya tarehe 4 Julai. Jumamosi ataondoka, na barua haikusema atarudi lini. Anyelwisye akachukua karatasi, akaandika sentensi mbili: "Mama anasema kuna uvimbe unaotoka na kurudi. Mimi sijauona." Ulikuwa ukweli mtupu, na Adela aliikunja karatasi hiyo mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga.

Hivyo ndivyo alivyofika mstari wa arobaini na moja, Kristiana akiwa kando yake na kikapu cha viazi vya kuchemsha.

Foleni ilikuwa ndefu, karibu wote watoto. Kulikuwa na mvulana wa miaka saba ambaye korodani yake moja haikuwahi kushuka. Kulikuwa na mtoto mchanga mwenye mdomo wa juu uliopasuka, mama yake akimfunika uso kwa kitambaa kila mtu alipopita. Mbele yao alikaa mwanamke aliyetoka Kasesya, mpakani, na mtoto mwenye kitovu kilichochomoza kama kidole gumba, amefungwa juu yake senti tano kwa utepe wa kitambaa. Mwanamke huyo alitoka chumbani kwa daktari mapema, senti tano mkononi.

"Amesema nini?" Kristiana aliuliza.

"Amesema kitovu cha namna hii wengi hujifunga chenyewe mtoto akikua, nisubiri mpaka afike miaka minne au mitano. Na hii senti haifungi kitu, inachubua ngozi tu. Amesema nikamnunulie mtoto kashata."

Agnesi akaanza kunung'unika. Ilikuwa saa tano, jua limepanda, watu wamesongamana. Adela hakufikiri. Mkono wake ulikwenda wenyewe: ziwa likatoka, mtoto akanyonya, akatulia. Jina lilipoitwa aliingia, Kristiana nyuma yake, na mtoto aliyeshiba, analegeza macho, kama alivyoingia na kila mtoto kila mahali tangu akiwa na miaka tisa.

Ndani walikuwa wawili. Muuguzi Atuganile, mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya, alishika kalamu. Dkt. Mbonile, mwembamba, mwenye miwani, alisoma karatasi ya Anyelwisye mara mbili. Adela akachuchumaa, akapiga makofi ya salamu. Daktari akasubiri salamu iishe, kisha akamlaza Agnesi mezani na kumpapasa. Agnesi akamtazama miwani, akacheka.

"Sioni kitu," daktari alisema. Adela akanyoosha mikono amchukue mtoto. Lakini daktari hakumrudishia karatasi. "Unatoka wakati gani?"

"Akilia, daktari."

"Akiwa ametulia?"

"Unarudi."

"Na kule zahanati alikuwa analia?"

"Hapana. Nilimnyamazisha kwanza."

"Mara zote tatu?"

"Mara zote tatu."

Daktari akavua miwani. "Na leo, kabla ya kuingia?"

Adela akaitazama blauzi yake. Ndipo alipoliona, lote kwa mpigo, akasikia uso unawaka. Miezi mitatu alikuwa amebeba ugonjwa mpaka mlangoni mwa mganga, kisha anauficha kwa mkono wake mwenyewe, anaingia, anashangaa mbona hauonekani.

"Nilimnyonyesha," alisema kwa sauti ndogo. "Nilikuwa nakuja mbele za watu."

Atuganile akaangua kicheko, si cha dharau. "Jamani, mama Agnesi! Watoto wa wenzako wanalia mpaka dirisha linatikisika, wa kwako ndiye tunamtaka alie, wewe umemlaza!"

"Basi mwache alie," daktari alisema.

Ilikuwa rahisi kusema, si kutenda. Agnesi hakutaka kulia. Atuganile alimvua nguo zote, hewa ya Julai ikampiga, mtoto akapiga miguu kwa furaha. Daktari alimwekea kifuani kile chuma baridi cha kusikilizia, Agnesi akakishika, akakitia mdomoni. Walimgeuza kifudifudi, akageuka mwenyewe.

"Huyu mmemlea vizuri mno," Atuganile alisema. "Hajui hata kununa."

"Mjukuu wangu halii ovyo," Kristiana alijibu kutoka pembeni, kwa fahari.

Daktari akamtazama Adela. "Toka nje, mama. Funga mlango."

Adela hakuwahi kumwacha mtoto mikononi mwa mgeni. Alisimama kitambo, akatazama mlango, akatoka. Hakuwa amefika kwenye benchi alipomsikia Agnesi: kwanza sauti ya kuuliza, kisha kilio kamili, kile cha siku ya siafu. Mkono wake ulishika kitasa. Aliuondoa. Alihesabu mbao za mlango, zilikuwa sita, akazihesabu tena.

Mlango ukafunguliwa. "Njoo uone," daktari alisema. "Na wewe bibi, sogea uuone."

Ulikuwa pale, umetuna, kwenye kinena cha kulia. Daktari aliugusa kwa ncha ya kidole, taratibu sana.

"Hii ni ngiri."

"Ngiri kwa mtoto wa kike?" Kristiana aliuliza.

"Wasichana nao wanapata, mama. Ni wachache kuliko wavulana, lakini wapo. Mtoto akiwa tumboni kuna njia ndogo hapa kwenye kinena, na inatakiwa izibe kabla hajazaliwa. Ya huyu haikuziba. Akilia, tumbo linasukuma, kilichomo kinapita." Kidole kilikuwa bado pale. "Kwa mvulana mara nyingi ni utumbo. Hapa ninagusa kitu kidogo kigumu. Nadhani ni kifuko chake cha mayai, kile ambacho siku moja kitamfanya awe mama. Kuna mtu amekuwa akikibonyeza?"

Agnesi aliendelea kulia.

"Mimi," Kristiana alisema. "Kwa mafuta ya nyonyo."

"Usibonyeze tena. Kinaweza kuumia, au kujisokota kikafa. Na uvimbe wowote wa hivi ukikaa nje, ukawa mgumu, mtoto akatapika, hampaki kitu wala hamsubiri kesho. Mnaondoka saa ileile." Akamgeukia Atuganile. "Muweke kesho, wa kwanza. Ni siku ya mwisho kabla sijaondoka."

Walipelekwa wodini. Huko Kristiana alikaa ukingoni mwa kitanda, akatazama viganja vyake, akasema, "Mwanangu, mimi nilidhani namsaidia."

"Na mimi, mama," Adela alisema. "Wewe ulibonyeza, mimi nilinyonyesha. Tumemficha wote wawili."

Kristiana akacheka, kicheko kifupi, cha kwanza tangu watoke Kalemba.

Upasuaji ulipangwa saa nne asubuhi. Atuganile aliwapa sharti moja: tangu saa kumi na mbili alfajiri mtoto asionje kitu, hata ziwa, maana akitapika akiwa kwenye dawa ya usingizi, maziwa yatamwingia mapafuni. Saa moja na nusu Agnesi akadai haki yake. Saa mbili alikuwa analia wodi nzima inamsikia. Adela alimbeba, akamwimbia, akamtembeza, lakini mtoto aliyanusa maziwa na kuchimba kanga yake kwa mdomo. Mkono wa Adela ulikwenda kwenye kifungo cha blauzi mara mbili, na mara mbili akaurudisha. Mara ya tatu Kristiana aliushika.

"Mlete. Wewe nenda mbali, usimame mahali asipokunusa."

"Atalia, mama."

"Najua atalia. Nenda."

Adela akaenda nyuma ya hospitali, kwenye mikaratusi, ambako mashuka yalikuwa yameanikwa. Kutoka huko aliona baraza lote. Alimwona mama mkwe wake, mwanamke aliyekuwa akitoka kanisani kwa aibu mjukuu akikohoa, anatembea katikati ya watu na mtoto anayepiga mayowe mgongoni, kutoka mwisho mmoja wa baraza hadi mwingine, kichwa juu, hafanyi haraka.

Mzee mmoja kwenye benchi alimkemea. "Huyo mtoto hana mama?"

"Anao wawili," Kristiana alijibu bila kusimama. "Mwache alie, ndiyo dawa aliyoandikiwa."

Kila kilio kilipofika kwenye mikaratusi maziwa ya Adela yalitiririka yenyewe, mpaka blauzi ikalowa na upepo ukaigeuza barafu. Saa nne kasoro dakika tano Atuganile alitokeza, akampokea mtoto, akaingia naye. Kilio kikaendelea nyuma ya mlango, kikapungua, kikakatika.

Maisha yake yote Adela alikuwa amefanya kazi ya kuleta kimya kama kile. Sasa aliogopa kukisikiliza. Alirudi barazani, akakaa karibu na Kristiana. Kristiana alimenya kiazi, hakukila. Mwanamke wa jirani aliuliza saa, akajibiwa ni saa nne na robo. Akauliza tena, ikawa saa nne na nusu.

Saa nne na dakika arobaini Agnesi alilia. Ilikuwa sauti ya kukwaruza, ya mtu aliyeamshwa bila ridhaa yake, na ilizidi kupanda. Kristiana akasimama wima, akapiga makofi, yale ya salamu, kana kwamba amemwona mkubwa anakuja njiani.

Dkt. Mbonile alitoka akiwa bado na kofia ya kitambaa. "Kilikuwa kifuko cha mayai kweli. Ni kizima, rangi yake nzuri. Nimekirudisha mahali pake na njia nimeifunga. Upande wa pili nimeupapasa, sijaona tatizo." Akamtazama Adela. "Akiamka vizuri mnyonyeshe. Sasa unaweza kumnyamazisha."

Jumamosi daktari aliondoka kwenda Mbeya kwa gari la serikali. Adela na Kristiana waliondoka Jumanne, baada ya sikukuu ya Saba Saba, juu ya lori lililopeleka mbolea Kalemba, Agnesi akiwa amelala chali miguuni pa bibi yake. Beda alikuwa anawasubiri barabarani. Alimchukua mtoto, akafunua bandeji kidogo, akaona mshono usiozidi urefu wa kidole chake kidogo, akaifunika.

Ijumaa, tarehe 11 Julai, Anyelwisye alikata nyuzi tatu kwenye zahanati ya Kalemba. Alikuwa amekwisha kuisoma barua aliyotumiwa na daktari, ameibandika ukutani juu ya meza yake.

"Nisamehe, mama Agnesi," alisema. "Nilikwambia msichana hapati ngiri."

"Na mimi nilikuletea mtoto aliyeshiba."

"Basi tumesameheana." Akaosha mikono. "Lakini ukisikia mwingine mwenye uvimbe wa siri, mlete."

Adela alikwisha kumsikia. Jioni ya siku aliyorudi, jirani yake Martha alikuja kumpa pole, akakaa mpaka wageni wengine walipoondoka, kisha akafunua nepi ya mwanawe wa miezi mitano. Hapakuwa na kitu cha kuona. Martha alieleza kwamba hutokea mtoto akijikaza, halafu hupotea, naye ameona haya kusema kwa kuwa watu watamcheka. Adela alimwambia asipake mafuta, asibonyeze, na asimwachie mama yeyote mwenye huruma amtulize mtoto njiani.

Kliniki ya watoto ni kila Jumanne. Tarehe 15 Julai Adela na Martha watakwenda zahanati saa moja asubuhi, Adela atambeba mtoto wa Martha, na mtoto hatanyonyeshwa mpaka Anyelwisye amwone akilia.